Wasomaji Wauliza: Mto Rufiji, Mbwa Mwitu na Safari ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere

Barua nyingi zilizotufikia baada ya makala ya toleo lililopita kuhusu utalii wa ndani zimeuliza juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyo kusini mashariki mwa Tanzania. Tumechagua zile zinazogusa mambo ambayo mgeni anapaswa kuyaamua kabla hajalipa fedha yoyote, na tumezifupisha pale ilipobidi. Atakayesoma majibu yote ataona kwamba karibu kila moja linarudi kwenye Mto Rufiji, kwa sababu katika hifadhi hii maji ndiyo yanayoamua mnyama yuko wapi, na kwa hiyo ndiyo yanayomwamulia mgeni aende wapi na lini.

Ndugu Mhariri, baba yangu husema alifanya kazi Selous, nami kila siku nasoma habari za Nyerere. Je, ni mahali pamoja palipobadilishwa jina? (Mwanafunzi wa chuo, Morogoro)

Jina limebadilika, na mipaka pia. Eneo hilo lilianza kuhifadhiwa mwaka 1896, wakati wa utawala wa Wajerumani, na mwaka 1922, chini ya Waingereza, likapewa jina la Frederick Selous, mwindaji na mwanajeshi aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kaburi lake bado lipo na wageni huonyeshwa. Mwaka 1982 Pori la Akiba la Selous liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 serikali ililimega: kilomita za mraba 30,893 zikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa, na sehemu iliyobaki ikaendelea kuwa pori la akiba chini ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Kwa mgeni tofauti iliyo muhimu ni kwamba katika pori la akiba uwindaji wa kitalii unaruhusiwa kwa kibali, ilhali katika hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Shikamoo Mhariri. Tunaishi Kibaha na tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka sita. Mume wangu anataka twende Nyerere alfajiri na kurudi usiku huohuo ili tusilipie malazi. Je, inafaa? (Mama watatu)

Marahaba, Mama watatu. Ushauri wetu ni kwamba mkiwa na fedha za safari ya siku moja tu, ni afadhali mzitunze hadi zitoshe siku mbili. Njia ya kawaida kutoka Dar es Salaam hupita Mkuranga na Kibiti, kisha huelekea Mloka hadi lango la Mtemere, na jumla yake inazidi kilomita 200. Baada ya Kibiti mwendo hupungua, na mvua ikinyesha hupungua zaidi. Hata mkiondoka kabla ya jogoo kuwika, mtafika langoni jua likiwa limepanda, yaani saa ambazo simba amelala chini ya kichaka, swala wamejibanza kivulini na watoto wamechoka kukaa garini. Mtazunguka saa tatu au nne za joto kali, kisha mtaanza kuikimbilia saa ya kutoka, kwa kuwa magari ya wageni hayaruhusiwi kutembea hifadhini usiku.

Kinachoifanya hifadhi hii istahili gharama yake ni muda wa saa mbili wakati wa asubuhi na muda wa saa mbili wakati wa jioni, na huo humpata aliyelala karibu. Si lazima mlale ndani. Kijijini Mloka na kandokando ya mto, nje ya lango, kuna kambi na nyumba za wageni ambazo bei yake ni nafuu kuliko ya kambi zilizo hifadhini. Kabla ya kulipa, ulizeni kiingilio huhesabiwa kwa saa ngapi, na kama anayelala nje ya lango anaweza kuingia tena asubuhi inayofuata kwa malipo yaleyale. Mjitayarishe pia kwa jambo la malipo: ada hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, wala msitegemee fedha taslimu. Vyakula msivibebe katika mifuko ya plastiki, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini kote tangu tarehe 1 Juni 2019.

Kuhusu mtoto wa miaka sita: garini hana tatizo, na botini mara nyingi huchukuliwa akivaa koti la kuokolea linalomtosha, jambo ambalo ni vyema ulithibitishe wewe mwenyewe mapema. Kambi za mahema ndizo zinazohitaji uangalifu, kwa sababu nyingi hazina uzio, na usiku viboko hupita katikati ya mahema wakila majani. Mtoto anayeamka usiku na kufungua zipu ya hema bila kuwaamsha wakubwa asilale hema la peke yake.

Naambiwa kwamba raha ya Nyerere ni boti. Mimi ni mtu wa Rufiji, kiboko namjua, na sioni raha iko wapi. Je, wageni wanadanganywa? (Mzee wa Utete)

Hofu yako ina msingi, Mzee. Anayevuka mto kwa mtumbwi wa mti alfajiri, wakati viboko wanarudi kutoka malishoni, yuko katika hatari ambayo mgeni wa mchana haijui. Safari za hifadhini hufanywa kwa boti pana za injini, mchana, na nahodha anayezijua kona za mto na anayejua kundi gani la viboko limelala wapi. Kiboko hushinda majini kwa kuwa ngozi yake haivumilii jua. Ute mwekundu unaomtoka, ambao watu wengi huudhania kuwa damu, humkinga kwa kiasi fulani. Akisumbuliwa, jambo la kwanza analolitaka ni maji ya kina. Nahodha mzuri kwa hiyo hakatizi kati ya kundi na kina hicho; hupunguza mwendo, huwaacha waibuke na kuhesabika, kisha hupita upande wa maji mafupi. Ukimwona nahodha anayewakimbizia viboko injini ili wageni wapige picha za midomo iliyoachama, mwambie aache, na mkirudi mtoe taarifa kwa wahifadhi.

Kuhusu raha, tuseme hivi. Mto Rufiji hapo katikati ya hifadhi umekuwa ukihamahama tangu zamani, na kila ulipouacha mkondo wake wa kale umebaki ukingo wa mchanga au ziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Miti ya mivumo iliyofikiwa na maji imekufa ikiwa imesimama, vilele vyake vimeanguka, na vigogo vilivyobaki vimekuwa mahali pa ndege kutua na kutaga. Kwenye kuta za udongo wa kingo utaona matundu mengi yaliyopangana. Hayo ni ya keremkerem wenye paji jeupe, ambao huchimba kwa midomo na kutupa udongo nyuma kwa miguu. Boti ikizimwa injini na kuachwa isogee yenyewe, ndege hao hawaruki. Mamba aliyelala mchangani na kinywa wazi hajiandai kumshambulia mtu, anapunguza joto la mwili. Ukimkaribia sana hujivuta na kuingia majini bila kishindo, na hapo ndipo abiria aliyekuwa akiuchezea mto kwa vidole huuondoa mkono wake bila kuambiwa.

Nenda saa 10 jioni. Asubuhi boti ni nzuri kwa ndege, lakini jioni tembo na nyati hushuka kunywa, furukombe huita kutoka mti hadi mti, na mwanga unakuwa upande unaofaa. Kwa maoni yetu, mgeni mwenye fedha za shughuli moja tu zaidi ya gari achague boti kabla ya kitu kingine chochote.

Kila tangazo la Nyerere lina picha ya mbwa mwitu. Mnyama huyu nilifundishwa kuwa ni mkatili, anakula nyama ya mnyama angali hai. Kwa nini nimlipie nauli? (Fundi seremala, Iringa)

Mbwa mwitu ni mmoja wa wanyama wala nyama walio katika hatari kubwa barani Afrika, na ukanda wa Selous na Nyerere ni mojawapo ya sehemu chache ambapo bado wapo kwa wingi wa kutia moyo. Hana uhusiano wa karibu na mbwa wa nyumbani: miguu yake ya mbele ina vidole vinne badala ya vitano, masikio ni ya mviringo, na madoadoa ya kila mmoja ni yake peke yake, kiasi kwamba watafiti humtambua kila mmoja kwa picha ya ubavu.

Ni kweli kwamba mawindo yao hayakabwi koo kama anavyofanya chui. Kundi humfukuza swala kwa mbio ndefu hadi achoke, humrarua, na mara nyingi kwa dakika chache hakuna kilichosalia, kwani fisi na simba wako njiani kuja kunyang'anya. Kulitazama hilo si kazi ya kila mtu, na fundi, hutalaumiwa ukifumba macho. Lakini ukatili huo ni jina tunalompa sisi. Mnyama huyohuyo akishashiba hurudi shimoni na kuwatapikia nyama watoto pamoja na wenzake waliobaki kuwalinda, na watoto wakishakuwa wakubwa wa kutosha kufuata kundi, wakubwa husimama kando na kuwaacha wale kwanza. Simba hafanyi hivyo. Kwake dume hula kwanza na mtoto hupata kinachobaki. Katika kundi la mbwa mwitu kwa kawaida huzaa jozi moja tu, na wengine wote hulea watoto wasiokuwa wao.

Ukitaka kuwaona, panga safari kati ya Juni na Agosti. Hicho ndicho kipindi cha kuzaa, na kundi ambalo miezi mingine hutembea eneo kubwa mno hulazimika kurudi kila siku kwenye shimo lilelile, mara nyingi lililochimbwa na muhanga au kutumiwa na ngiri. Dereva mwongozaji akijua kundi limezaa upande gani, alfajiri moja inaweza kutosha. Hapa tuna ombi. Magari yakijazana mbele ya shimo, mama huweza kuwahamisha watoto mmoja mmoja kwa mdomo, katika pori lenye simba. Gari moja au mawili, injini zimezimwa, sauti za chini, halafu kuondoka: hilo lisimamiwe na wageni wenyewe, kwa sababu dereva huogopa kumwambia mteja kwamba sasa basi.

Je, nikija nitawaona duma, faru na wengine wote wa lile kundi la wanyama wakubwa watano? (Msomaji wa Tanga)

Duma usimtegemee, naye wala hayumo katika hao watano. Faru weusi ni wachache sana na wako sehemu ambazo wageni hawapelekwi. Simba, tembo na nyati utawaona usipokuwa na bahati mbaya, chui kwa bahati nzuri. Twiga wapo kwa makundi upande wa kaskazini wa Rufiji, ambako ndiko wageni wengi huzunguka, na hawapo kusini ya mto. Tazama pia nyumbu wa huku, mwenye mstari mweupe usoni ambao wa Serengeti hana.

Wanafunzi wangu wanabishana: mmoja anasema tembo wa Selous walikwisha, mwingine anasema wamejaa hadi mashambani. Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa shule ya msingi, Ikwiriri)

Mwalimu, wote wawili wana sehemu ya ukweli, na hesabu zitakusaidia darasani. Katikati ya miaka ya 1970 eneo la Selous lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza hadi chini ya theluthi moja ya idadi hiyo. Baada ya Operesheni Uhai, msako wa kitaifa dhidi ya majangili wa mwaka 1989, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kupigwa marufuku, walianza kuongezeka tena, na katikati ya miaka ya 2000 idadi ilikuwa imefika karibu 70,000. Kisha wimbi la pili likaja. Sensa ya mwaka 2013 ilihesabu tembo 13,084, na mwaka 2014 UNESCO ililiweka Selous katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Tembo walio hai leo wengi ni waliopita katika wimbi hilo, au watoto wa waliopita. Mgeni huliona hilo kwa macho. Makundi mengine hapa hayaukubali ukaribu wa gari kama tembo wa hifadhi za kaskazini: jike mkubwa hugeuka na kulikabili gari, hutandaza masikio, huinua mkonga kunusa upande wako, na watoto hupotelea nyuma ya miguu ya wakubwa. Dereva anayeendelea kusogea mbele ya ishara hizo ana haraka isiyo na maana. Azime injini akiwa mbali, au arudi nyuma taratibu. Ama hao wa mashambani, tembo hufuata maji na chakula bila kuuona mpaka uliochorwa kwenye ramani, na mahindi yaliyokomaa ukingoni mwa hifadhi ni mwaliko. Kwa hiyo mkulima mmoja anaweza kuvunwa shamba lake na tembo kumi katika nchi ambayo imepoteza makumi ya maelfu.

Natamani kutembea kwa miguu hifadhini, lakini mke wangu anasema ni wazimu. Hufanyikaje? (Mstaafu, Dodoma)

Matembezi ya miguu hufanywa asubuhi na mapema, kwa saa mbili au tatu, mkiwa na mwongozaji na askari wa uhifadhi mwenye bunduki. Watoto wadogo hawachukuliwi. Mnatembea kwa mstari mmoja, nyuma ya askari, bila maongezi, na mavazi yawe ya rangi ya majani makavu au udongo. Hatari kubwa si simba, ambaye humsikia mtu mapema na kuondoka. Ni nyati dume mzee anayeishi peke yake kichakani, na kiboko aliyechelewa kurudi majini. Ndiyo sababu askari hawapitishi wageni kwenye vijia vya viboko kandokando ya ziwa asubuhi, hata kama njia hiyo ni fupi.

Mtazame askari huyo anavyofanya kazi. Mfukoni ana kitambaa kidogo chenye majivu. Kila baada ya mwendo fulani hukitikisa, hutazama vumbi linaelekea wapi, na pengine hubadilisha njia nzima, kwani upepo ukitoka kwenu kuelekea kwa wanyama, hamtaona kitu au mtaona kitu kinachokuja. Mtakachokiona kwa karibu ni vidogo: kinyesi kilichotawanywa juu ya kichaka, ambacho kiboko hukisambaza kwa mkia, gome la mbuyu lililochubuliwa na pembe za tembo, nyayo za fisi zilizokanyaga juu ya nyayo za kuro, maana yake fisi ndiye aliyepita baadaye. Twiga ambaye angelivumilia gari kwa hatua ishirini huanza kuondoka akiwaona watu wa miguu kwa mbali sana, na hilo humshangaza karibu kila mgeni. Mke wako asilazimishwe. Kambi nyingi zina sehemu ya kukaa inayotazama mto, na asubuhi huko si haba.

Rafiki yangu alirudi Nyerere amevimba mikono kwa kuumwa na ndorobo. Nifanye nini nisiumwe? (Muuguzi, Lindi)

Hutaepuka kabisa. Ndorobo huvutwa na mwendo wa gari na rangi za buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake porini hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa mikono mirefu ya kitambaa kizito cha rangi ya udongo, na mkipita kwenye vichaka vizito vya miombo fungeni vioo. Dawa za kujipaka zinazofukuza mbu hazimtishi sana ndorobo, lakini jipake jioni kwa ajili ya mbu wenyewe, kwa kuwa malaria ipo. Wewe ni muuguzi na utalielewa hili upesi: mtu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, hasa kukiwa na kidonda kigumu mahali alipoumwa, amweleze daktari kwamba alikuwa porini, ili pamoja na malaria apimwe malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo.

Je, bwawa la umeme limeua utalii wa mto? Na msimu upi ni bora? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Liko upande wa juu wa mto, kabla maji hayajafika kwenye maziwa tuliyoyataja, mahali palipokuwa korongo maarufu ambalo wageni walikuwa wakipelekwa kulitazama. Mafuriko ya masika ndiyo yaliyokuwa yakiyajaza maziwa hayo kila mwaka. Sasa kiasi cha maji hutegemea pia kinachofunguliwa bwawani. Hilo ni badiliko kubwa, na matokeo yake kwa samaki, viboko na mashamba ya bondeni yatachukua miaka kuonekana yote. Lakini boti zinaendelea kwenda. Kabla ya kulipia uliza kambini wiki hiyo boti zinafika wapi.

Msimu ulio rahisi ni Juni hadi Oktoba, vidimbwi vya porini vikikauka na wanyama wakisogea mtoni. Kuanzia Machi hadi Mei barabara za udongo mweusi hazipitiki na kambi kadhaa hufungwa. Novemba hadi Februari kuna ndege wengi wanaohama na majani mabichi, bei hushuka, ila nyasi huficha wanyama.

Simu yangu inatosha kwa picha, au ninunue kamera? (Kijana wa Kilosa)

Simu inatosha kwa mandhari, na kwa tembo aliye karibu. Fedha ya kamera nunua darubini hata ya bei ya kati, maana mnyama aliye ng'ambo ya Ziwa Manze kwenye simu ni doa tu. Droni iache nyumbani. Bila kibali haitaruhusiwa kuingia.